Jarida Lako Liko Robo ya Ngapi?

Darasani kwetu uzamili, makala ikitajwa, swali la kwanza siku hizi si "inasema nini?" Ni "imetoka wapi?" Na "wapi" hapo haimaanishi Dar es Salaam wala Leipzig. Inamaanisha robo: Q1, Q2, Q3, Q4. Nina wenzangu wanaoweza kukutajia robo ya jarida kabla hawajakutajia jina la mwandishi wa makala waliyoisoma humo. Siwacheki. Wamefundishwa na walimu wetu, na walimu wetu wamefundishwa na fomu za kupandia vyeo.

Mimi nasoma fasihi ya Kiswahili. Kazi niliyofundishwa ni kuchukua matini na kuiuliza maswali: nani anasema, anamwambia nani, anaacha nini, na umbo la maneno yake linafanya kazi gani. Orodha za majarida nazo ni matini. Zina mtunzi, zina hadhira, zina mtindo, na kama matini nyingine nyingi zinanyamazia mambo ambayo msomaji mzembe hawezi kuyaona. Lakini karibu kila mtu anazitumia kama rula. Mtu hasomi rula, anapimia tu. Humu nataka kuzisoma.

Tuanze na mtunzi. Eugene Garfield alikuwa Mmarekani aliyevutiwa na maktaba kuliko maabara. Mwaka 1955 alichapisha katika jarida la Science makala iliyopendekeza faharasa ya aina mpya. Badala ya kupanga maandishi kwa mada, alitaka yapangwe kwa nani amemrejelea nani. Ukiwa na makala ya zamani mkononi, ungeweza kwenda mbele kwenye wakati, ukawaona walioijibu, walioikosoa na walioiendeleza. Wazo hilo aliliazima kwa wanasheria wa nchi yake, ambao tangu karne ya 19 walikuwa na vitabu vya kufuatilia hukumu moja ilivyotumiwa katika kesi zilizofuata. Kwa mtu wa fasihi ya Kiswahili hili ni wazo tamu sana. Ni kama mtu akukusanyie mashairi yote ya kujibizana, swali na majibu yake, bila kukuacha uyasake gazeti kwa gazeti.

Kampuni yake, Institute for Scientific Information ya Philadelphia, ikaanza kutoa faharasa hiyo kwa upande wa sayansi miaka ya 1960. Tatizo lilikuwa wingi. Majarida ya dunia nzima hayakuweza kuingia yote, kwa hiyo yeye na mwenzake Irving Sher wakatunga kipimo cha kuwasaidia kuchagua yapi yaingie. Wakakiita kipimo cha athari. Wakutubi nao wakakipenda, maana wana bajeti ndogo na rafu chache, na ni lazima waamue jarida gani walilipie mwakani na lipi waliache. Hadhira ya kwanza ya namba hii, basi, ilikuwa mtu wa maktaba mwenye daftari la manunuzi. Kamati ya kuajiri wahadhiri haikuwemo.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la sita. Chukua mwaka 2024. Hesabu makala za jarida zilizotoka 2022 na 2023. Tuseme ni 40. Sasa hesabu ni mara ngapi mwaka 2024 majarida yaliyomo kwenye faharasa yamerejelea chochote kilichotoka kwenye jarida hilo katika miaka hiyo 2. Tuseme ni mara 60. Gawanya 60 kwa 40, unapata 1.5. Basi. Hakuna aliyefungua makala hata moja.

Kilichonivutia mimi kwanza ni mtindo. Kwa miaka mingi namba hii ilichapishwa ikiwa na tarakimu 3 baada ya nukta. Jarida moja lina 2.417, jingine 2.409. Clarivate, kampuni inayomiliki faharasa hiyo sasa, ilipunguza tarakimu hizo mwaka 2023 ikabaki moja. Tunapochambua ushairi tunauliza neno hili limewekwa hapa kwa maana au kwa kujaza mizani. Zile tarakimu 2 zilizokatwa zilikuwa za kujaza mizani. Hazikuwa na maana yoyote ya kitaaluma, ila zilihakikisha kwamba hakuna majarida 2 yanayolingana, na kwa hiyo daima kuna wa juu na wa chini.

Halafu kuna lile neno "athari". Katika uhakiki, mtu akisema riwaya imeleta athari tunamdai: kwa nani, wapi, ya namna gani? Huku, athari ni kurejelewa, nukta. Ukirejelewa kwa kusifiwa ni moja, na ukirejelewa kwa kuvunjwavunjwa ni moja vilevile.

Kisa kinachonifurahisha kuliko vyote ni cha Acta Crystallographica Section A, jarida la wataalamu wa fuwele. Mwaka 2008 kipimo chake kilikuwa takriban 2. Mwaka 2009 kikaruka hadi karibu 50, likawapita Nature na Science, majarida ambayo hata bibi yangu kijijini angeambiwa ni makubwa. Je, wahariri walibadilika? Waandishi wapya walikuja? Hapana. Mwaka 2008 mwanakemia George Sheldrick alichapisha humo makala moja inayoeleza historia ya programu zake za kompyuta ziitwazo SHELX, ambazo wataalamu wa fuwele duniani wanazitumia kila siku, na akapendekeza kwamba atakayezitumia airejelee makala hiyo. Wakairejelea, kwa maelfu. Makala nyingine zote za jarida lile zikapanda ngazi bila kunyanyua mguu. Ilipotoka kwenye dirisha la miaka 2, jarida likarudi kwenye 2 yake.

Sasa fikiria mhadhiri aliyechapisha Acta mwaka 2009, na mwenzake aliyechapisha humohumo miaka 3 baadaye. Wote ni wataalamu wazuri, na jarida ni lilelile. Kamati inayosoma namba ingempandisha mmoja juu ya mwingine kwa sababu ya makala ambayo hakuna kati yao aliyeiandika.

Mtu anaweza kusema hicho ni kioja, hakitokei kila siku. Kweli, kwa ukubwa ule hakitokei. Lakini umbo lake ndilo la kawaida. Mwaka 2005 wahariri wa Nature wenyewe walikagua kipimo chao wakaandika kwamba asilimia 89 ya marejeleo yaliyokijenga yalitokana na asilimia 25 tu ya makala zao. Robo inabeba, robo tatu zinabebwa. Mwaka 1997 Per Seglen wa Norway alikuwa ameshalieleza jambo hili katika jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, kwa lugha nyepesi kabisa: namba ya jarida haikuambii chochote cha kutegemea kuhusu makala moja iliyomo humo. Karibu miaka 30 imepita. Kila profesa niliyewahi kumuuliza anakubaliana na Seglen, na kila mmoja, akikaa kwenye kamati, anafungua orodha.

Namba hii pia inajadiliwa kama bei ya samaki. Wahariri wa PLoS Medicine walisimulia mwaka 2006 walivyozungumza na kampuni ya faharasa kuhusu vipande gani vya jarida lao vihesabike kuwa makala. Kumbuka ile hesabu: unagawanya kwa idadi ya makala. Tahariri na barua zikiondolewa kwenye idadi, kigawanyo kinapungua, lakini marejeleo yanayozielekea tahariri hizo yanabaki juu. Kutegemea jibu, kipimo chao kingeweza kuwa chini ya 3 au kufika 11. Nilisoma hilo mara 2 kuhakikisha sijakosea.

Huku kwetu orodha inayotajwa zaidi ni ya SCImago, inayotengenezwa Hispania. Ndiyo inayogawa majarida katika robo. Inatumia data za Scopus, na Scopus ni mali ya Elsevier, kampuni ambayo yenyewe inachapisha majarida zaidi ya 2,000. Mwenye duka na mwenye mizani ni mtu mmoja. Robo zenyewe zinapangwa ndani ya kila fani, na jarida moja linaweza kuwa Q1 kwenye fani moja na Q3 kwenye nyingine, mwaka uleule. Nimewahi kuona wasifu wa msomi aliyeandika ile ya juu tu. Ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo.

Nije nyumbani. Jarida la Kiswahili, linalotolewa leo na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukilifuata nyuma katika majina yake ya zamani utafika kwenye taarifa za ile kamati ya lugha ya wakoloni iliyoanza kazi mwaka 1930. Hata Garfield alikuwa mtoto mdogo. Taasisi hiyohiyo inatoa Kioo cha Lugha na Mulika. Ujerumani kuna Swahili Forum, iliyoanza miaka ya 1990 na inayosomwa bure mtandaoni. Karibu kila ninachokijua kuhusu nadharia ya ushairi wa Kiswahili, fonolojia ya Kiswahili, tafsiri ya istilahi, nimekisoma humo au katika vitabu vya watu waliokuwa wakiandika humo. Nilipotafuta Kioo cha Lugha kwenye orodha ya robo, sikulipata. Halikuwa Q4. Halikuwepo.

Tofauti hiyo ni kubwa, na wengi wanaipita haraka. Mwanafunzi aliyefeli yupo kwenye karatasi ya matokeo. Asiyekuwepo kwenye karatasi si kwamba amefeli, kwa mujibu wa karatasi hakuzaliwa. Na jarida lisilohesabiwa halihesabu pia. Makala ya Kioo cha Lugha ikimrejelea mtu mara 20, hakuna kokote panapoandikwa.

Hata likihesabiwa leo, ile miaka 2 ingelimaliza. Biolojia ya molekuli inakwenda mbio, na makala ya miaka 5 inaweza kuwa imezeeka. Sisi tunakwenda kwa mwendo mwingine. Ubishi kuhusu mashairi yasiyo na vina uliopamba moto miaka ya 1970 bado haujaisha, na Kunga za Ushairi na Diwani Yetu ya Mulokozi na Kahigi, ya mwaka 1979, bado inafunguliwa kwenye semina kana kwamba imetoka juzi. Ukichukua marejeleo ya sura yangu ya pili, yaliyochapishwa miaka 2 iliyopita unaweza kuyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mengi ni vitabu, na orodha ya majarida haijui kitabu ni nini.

Mfano ninaoupenda ni tasnifu ya uzamivu ya Euphrase Kezilahabi, aliyoiwasilisha Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison mwaka 1985, kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Haikuwa makala ya jarida. Ilizunguka kwa miaka mingi kama nakala, mkono kwa mkono, kisha kama faili. Mtu anayeandika kwa uzito kuhusu Nagona na Mzingile ni vigumu aikwepe. Kwa maana ya kawaida ya neno athari, sijui ni maandishi mangapi ya uhakiki wa Kiswahili yanayoikaribia. Kwenye fomu ya kisasa ya kupandia cheo, ingepata sifuri.

Mwaka jana niliandika sura kuhusu Mzingile. Mwalimu mmoja, simtaji wala sikitaji chuo, aliipenda. Akaniambia, "Hii ni makala tayari. Ipeleke kwenye jarida lenye Q. Kwa Kiingereza." Nikamuuliza kama nisingeweza kuipeleka Kioo cha Lugha. Akacheka, si kwa ubaya. "Hayo ya Kiswahili utaandika ukishapata uprofesa."

Nikajaribu. Niliandika kurasa 6 kwa Kiingereza na nikaona kilichokuwa kinatokea. Jina la riwaya lenyewe lilinikwamisha. Mzingile ni fumbo la njia zinazozungukana, na kwa aliyekulia kwenye Kiswahili linatoka na harufu ya vitendawili na michezo ya watoto. Neno pekee la Kiingereza linalokaribia linakuja na Wagiriki, na yule mnyama wao nusu mtu nusu fahali, na Borges wa Argentina nyuma yake. Ghafla nilikuwa natumia aya nzima kuwafukuza wageni ambao Kezilahabi hakuwaalika. Kisha aya ya kueleza Ujamaa. Kisha aya ya kueleza kwamba ndiyo, kuna riwaya za Kiswahili, na zina historia. Jarida linaruhusu maneno 8,000. Kwa Kiswahili, hoja yangu inaanza ukurasa wa kwanza. Kwa Kiingereza ilikuwa inaanza ukurasa wa tano, na ikifika pale imechoka. Msomaji wa Kiswahili angeruka kurasa hizo 4 kwa sababu anayajua yote, kisha angekuta hoja ambayo nimeikata ili kurasa hizo zipate nafasi.

Sisemi fasihi yetu isiandikwe kwa Kiingereza. Wapo walioiandikia vizuri sana, na Kezilahabi mwenyewe aliandika tasnifu yake kwa Kiingereza. Nasema kwamba kuna makala za aina 2, ya kutambulisha na ya kubishana. Orodha inatusukuma wote kwenye ya kutambulisha. Tukifanya hivyo kizazi kizima, tutakuwa na maktaba ya utangulizi.

Hapa ndipo neno "kimataifa" linapohitaji kuhakikiwa. Kwenye fomu zetu kuna jarida la kimataifa na jarida la ndani, na la kimataifa lina pointi zaidi. Makala ya Kiswahili inasomwa Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi, Kampala, Bujumbura, na kwenye vyumba vya semina vya Leipzig na Napoli. Mwaka 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani, na mwaka uliofuata Umoja wa Afrika ukakifanya lugha yake ya kazi. Viongozi wa vyuo wanazikumbuka tarehe hizo kwa vitenge na hotuba. Tarehe 8 Julai, ukipeleka makala yako kwenye kamati, Kiswahili kinarudi kuwa cha ndani.

Wazungu wenyewe walishaugombania msamiati huu. Mwaka 2007 Taasisi ya Sayansi ya Ulaya ilianza kutoa orodha ya majarida ya taaluma za utu, iitwayo ERIH, ikiyapanga A, B na C. Waliotengeneza orodha walidai herufi hizo si ngazi za ubora. Ukimpa mtoto C ukamwambia si daraja, atakuelewa? Makumi ya wahariri wa majarida ya historia ya sayansi na tiba wakaandika waraka wa pamoja wakisema hawataki kushiriki na kuomba majarida yao yaondolewe. Baada ya purukushani, herufi zikabadilishwa kuwa vifupisho vya "kitaifa" na "kimataifa", hili la pili likiwa na daraja la kwanza na la pili. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu maktaba. Waliondoa C wakaweka "kitaifa", na kila mtu akaelewa ni ileile.

Australia walikwenda mbali zaidi. Kwa tathmini ya utafiti ya mwaka 2010 serikali ilipanga majarida zaidi ya 20,000 kwa A*, A, B na C. Mwaka uliofuata waziri Kim Carr akaziondoa herufi hizo, akieleza kwamba mameneja wa utafiti vyuoni walikuwa wamezigeuza kuwa malengo: kila mtu achapishe kwenye A na A*. Walichora ramani, watu wakaanza kuishi juu ya ramani.

Lakini lazima niwe mkweli kuhusu upande wa pili, maana wahakiki wa orodha hizi wana tabia ya kuandika kana kwamba kabla yake kulikuwa na bustani ya Edeni. Nina dada mmoja aliyenitangulia chuoni, sasa ni mhadhiri msaidizi mahali fulani. Makala yake bora, kwa maoni yangu, ni ya Kiswahili, na kamati iliipa pointi chache kwa sababu hiyohiyo ya "ndani". Nilitegemea angekuwa mkali kuliko mimi. Akaniambia:

"Mdogo wangu, wewe hukuwepo zamani. Kabla ya hizi Q, swali lilikuwa unamjua nani. Makala yangu ingesomwa na mzee fulani aliyegombana na msimamizi wangu. Q haina mjomba."

Nimelibeba hilo kwa miezi. Ni hoja nzito kuliko zote nilizozisoma za kutetea orodha, na imetoka kwa mtu iliyemuumiza. Kamati ya kupandisha vyeo ina mhandisi, mwanasheria, mtu wa kilimo na labda mmoja wa lugha. Ukiwaambia wasome makala kuhusu Mzingile, wengine wote watamtazama yule mmoja, na yule mmoja anaweza kuwa na kinyongo chake. Namba angalau wote wanaiona sawa. Na kwa kijana asiye na mtu, ni kitu cha kushika mkononi.

Kuna pia majarida laghai. Mimi, mwanafunzi wa uzamili, hupokea karibu kila wiki barua pepe zinazoniita Mheshimiwa Profesa na kuniomba makala ndani ya siku 5, pamoja na ada. Mkutubi Jeffrey Beall wa Colorado alikuwa na orodha ya majarida ya namna hiyo, kisha mwanzoni mwa 2017 akaifunga. Chuo kinachotaka kujilinda kinafanya nini? Kinasema: lazima liwe kwenye Scopus. Ni uvivu, lakini ni uvivu wenye sababu. Tatizo ni kwamba wavu uleule unaozuia laghai unazuia Kioo cha Lugha, lenye wahariri wanaojulikana na wasomaji wanaorudisha makala zikiwa na alama nyekundu kila mstari. Mlinzi hatofautishi mwizi na mwenye nyumba kwa sababu wote hawana kitambulisho alichoambiwa akiangalie.

Na Q ina mjomba. Ila anakaa mbali, na kabila lake ni lugha na mada. Hii ndiyo sehemu ambayo dada yangu na mimi bado tunabishana.

Wanaopinga orodha kwa maandishi makubwa nao wanastahili kusomwa kwa jicho hilohilo. Azimio la DORA lilianzia kwenye mkutano wa wanabiolojia ya seli San Francisco, Desemba 2012. Linasema kipimo cha jarida kisitumike kumpima mtu. Maelfu wametia saini, vikiwemo vyuo. Kutia saini ni rahisi, ugumu uko kwenye kubadili fomu. Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, kilitangaza mwaka 2021 kwamba kinaacha kutumia kipimo hicho katika kuajiri na kupandisha vyeo, na baadhi ya maprofesa wa humohumo Uholanzi wakapinga hadharani, wakisema vijana wao wataumia wakienda kuomba kazi nchi nyingine. Hoja ya mjomba tena, kwa Kiholanzi.

Manifesto ya Leiden ya mwaka 2015 ndiyo iliyo karibu nasi zaidi. Kati ya kanuni zake 10, ya tatu inataka ulinzi wa utafiti bora wenye umuhimu wa mahali, na inakiri kwamba sehemu nyingi za dunia ubora umefanywa kuwa sawa na kuchapisha kwa Kiingereza. Nimeinukuu kanuni hiyo kwenye maombi yangu ya ufadhili. Lakini msomaji, unajua manifesto hiyo ilichapishwa wapi? Nature. Kama ingetoka Mulika, hata kwa maneno yaleyale, nani angeinukuu? Siwalaumu waandishi wake. Walitaka kusikika, wakapanda mti mrefu kuliko yote ili wapige kelele kwamba urefu wa mti si hoja.

Hapa Tanzania, mwaka 2022 serikali ilitangaza zawadi ya mamilioni ya shilingi kwa watafiti wanaochapisha kwenye majarida ya kimataifa yenye hadhi, ikianzia upande wa sayansi na tiba. Kwa mtafiti wa malaria anayelipwa kidogo, nafurahi. Ila ningependa mtu aliyeketi wizarani aseme waziwazi jarida lenye hadhi ni lipi kwa mtu anayechunguza tenzi za Pate, na nani ataliamua hilo, kabla zawadi kama hizo hazijatufikia sisi.

Mimi nimeshaamua kuhusu sura ya Mzingile. Imekwenda Kioo cha Lugha, kwa Kiswahili, maneno yote. Zile kurasa 6 za Kiingereza ninazo; zitakuwa makala nyingine, ya kutambulisha, kwa jarida ambalo wasomaji wake wanahitaji kutambulishwa. Mwalimu wangu anaona nimejichelewesha mwaka mzima, na kwa hesabu za fomu yuko sahihi.

Kuna jambo moja tu la Garfield ninalolitamani bado, nalo ni lile wazo la 1955, kabla halijageuzwa ngazi. Nataka kujua nani alimjibu nani. Nikishika hoja moja ya Mulokozi na Kahigi kuhusu vina, nataka kuona kila makala na kitabu cha Kiswahili kilichoigusa tangu 1979, aliyekubali na aliyekataa. Hakuna faharasa ya namna hiyo ninayoweza kuifungua leo. Matoleo mengi ya majarida yetu yako kwenye African Journals Online, kwa hiyo malighafi ipo. Nimefungua jedwali lenye safu 4: aliyeandika, aliyerejelewa, mwaka, na alisema nini juu yake. Safu ya nne haijazwi na kompyuta, ni lazima usome. Nimemaliza matoleo 4 ya Kioo cha Lugha, na mwenzangu mmoja wa isimu ameniomba tugawane yaliyobaki.